Uzi maalum wa Porsche 911 za upepo: kununua, kutunza na kuishi nayo bila kufilisika

boksa6 (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Naona kila mara kuna mtu anauliza kuhusu hizi 911 za zamani, zile zisizo na rejeta, na majibu mengi yanatoka kwa watu waliozionea Youtube tu, sasa nimeona niandike ninachokijua alafu wengine mtaongezea. Niko Stuttgart, nina 911 SC ya 1982 injini lita 3.0, na kazi yangu ni gereji, mikono michafu kila siku. Sio tajiri, tuelewane mapema, gari nilinunua kabla bei hazijachizika.

Kitu cha kwanza nataka kiingie kichwani kwa kila anayezitamani hizi gari. Tunaziita gari za upepo, na ni kweli lipo feni kubwa pale nyuma linapuliza hewa kwenye mapezi ya silinda na hedi, lakini sehemu kubwa ya joto inabebwa na OILI. SC ikiwa kavu kabisa inameza lita 13 hivi, wakati kigari cha kawaida hapo mtaani kinatumia lita nne. Oili yenyewe haikai chini ya injini kama mlivyozoea, ina tanki lake kule nyuma upande wa kulia, pampu moja inanyonya chini ya injini kurudisha kwenye tanki, nyingine inatoa kwenye tanki kupeleka kwenye injini, na ikishachemka kufika nyuzi 83 hivi thermostati inafungua basi oili inasafiri na mabomba mpaka mbele kwenye kipozeo kilichojificha ndani ya fenda ya kulia, inapoa inarudi. Ukishaielewa hiyo safari ya oili umeshaielewa nusu ya gari, na magonjwa yake mengi utayaona yanaanzia hapo hapo.

Kwa hiyo hata kupima oili kuna namna yake. Gari nyingine unapima injini imezimwa na imepoa, hii unapima injini ina moto kabisa, inaunguruma silensa (bila kukanyaga mafuta), na gari iko sehemu tambarare. Ukipima imezimwa stiki itakuja kavu, mtu anapanik anamimina lita mbili, kesho yake oili imejaa kupita kiasi inatapikwa mpaka kwenye boksi la filta ya hewa, moshi mtaa mzima, anaanza kulia injini imekufa kumbe ni yeye na chupa yake. Nimepokea wateja wa hivyo wengi tu. Na usijaze mpaka alama ya juu, acha katikati inatosha.

Nitaendelea kwenye kununua, ngoja nile kwanza.

pangu_pakavu

Nimekaa paleee, siti ya mbele kabisa

DadaInjini

Asante kaka kwa uzi. Mimi nipo Hamburg, natafuta SC au ile Carrera 3.2 iliyoifuata, nimeshaona moja rangi nyekundu inang'aa balaa, muuzaji anasema imepigwa rangi mpya mwaka jana na viti vimeshonwa upya. Niangalie nini kabla sijatoa hela?

boksa6 (mleta uzi)

Dada rangi mpya mimi ndo inanitia wasiwasi kuliko rangi iliyochoka. Porsche walianza kutumia bati zilizopakwa zinki katikati ya miaka ya 70, kwa hiyo SC na 3.2 zinavumilia kutu kuliko za kabla yake, lakini kuvumilia sio kutooza. Hapa Ulaya barabara zinamwagiwa chumvi kipindi cha baridi na chumvi haina adabu. Nenda na tochi na sumaku. Angalia chini ya betri mbele kabisa, angalia kuzunguka kioo cha mbele na cha nyuma, vibakuli vya taa, alafu fungua mlango uangalie ile sehemu ya bodi ambapo loki ya mlango inashika, chini yake kwa ndani kuna pembe inakusanya maji na tope, na ukikuta pameoza pale ujue kizingiti chote kinaelekea kuoza. Kule nyuma angalia mahali ambapo bomba la tosheni ba linapita. Hizi gari hazina springi za kuzunguka kama gari zingine, zinabebwa na vyuma virefu vinavyojipinda, na vikiwa vimeshikwa na bati lililooza hapo unachomelea gari zima. Mtu akipaka rangi nzuri juu ya hayo yote utayajua siku ya TÜV (ukaguzi wa lazima wa gari huku) ukiwa umeshalipa.

Injini sasa. Usiridhike na sauti, hizi zote zinalia vizuri hata zikiwa mahututi. Lipia fundi asiyemjua muuzaji apime kompresheni na apime upepo unavuja kiasi gani silinda moja moja, zote sita. Afungue na vifuniko vya vali vya chini. Kwenye SC silinda na hedi zimeshikwa na bolti ndefu 24, nne kila silinda, na zile za chini upande wa ekzosti walitumia chuma kimoja kinaitwa Dilavar ili kitanuke sawa na aluminiamu. Wazo zuri, lakini baada ya miaka inapata kutu ndogo ndogo inakatika yenyewe gari limepaki. Unafungua kifuniko unakuta kipande cha bolti na nati yake kimelala pale kinakuangalia. Bolti moja ikikatika gari inatembea tu, ila umeshajua injini inashuka, na injini ikishuka ikafunguliwa vizuri bili inaweza kupita euro 20,000. Hiyo ndo sababu nakwambia hela ya ukaguzi usiionee uchungu.

Za kuanzia 1974 mpaka 77 lita 2.7 ni kesi nyingine kabisa, kreki kesi (bodi ya injini yenyewe) ilikuwa ya magnesiamu, laini, bolti zinang'oka na nyuzi zake. Ukikuta ya bei rahisi kuliko wenzake mara nyingi ndo hiyo. Sio mbaya kama ilishafanyiwa kazi na karatasi zipo, zisipokuwepo kimbia.

mzee_wa_subaru

Mkuu sasa si bora mtu anunue Subaru tu, injini imelala vile vile, maji yapo, spea kila kona, na hela inabaki ya kujengea Kigamboni

boksa6 (mleta uzi)

Hahaha mzee Subaru nayo inakuja na hedi gasketi yake usitudanganye

Nairobi_Vumbi

Sasa wadau, mimi niko Nairobi na wacha niwakumbushe hii gari si mgeni huku kwetu. Safari Rally 1978 Vic Preston Junior alimaliza wa pili na 911 SC, Waldegård wa nne, Nicolas akashinda na Peugeot 504. Kabla ya hapo 1974 Waldegård alikuwa wa pili na 911 nyuma ya Joginder Singh na ile Lancer yake, na 1972 Zasada wa Poland pia wa pili nyuma ya Mikkola. Yaani Porsche ilikuja ikarudi na ile Safari yenyewe haikuwahi kushinda, sisi tulikuwa tunasema inangoja mvua iishe. Ndugu yake wa upepo ndiye alishinda, Vosi (VW Beetle), 1962 na Fjastad. Zamu ya 911 ilikuja baadaye sana kwa Safari Classic, ile ya magari ya zamani, Waldegård tena 2011, akiwa mzee amekaa na kijana wake kama navigeta, halafu Blomqvist 2015.

Kitu nataka kusema ni hizi gari kwa rafu zinaweza, mradi uinue, uweke ngao ya chuma chini ya injini, na filta ya hewa usiichezee. Vumbi ya murram ikipita filta ringi za pistoni zinaisha mapema sana. Na mkija Nairobi mjue tuko juu karibu mita 1,700 na kitu, farasi zingine utaziacha Mombasa.

boksa6 (mleta uzi)

Nairobi_Vumbi heshima yako mkuu. Kuna kitu watu hawakijui, SC ndo ilikuwa iwe ya mwisho. Mabosi walishaamua 928 ya V8 yenye maji ichukue nafasi, mpaka alipokuja mkurugenzi Peter Schutz mwaka 1981. Inasimuliwa aliingia ofisini kwa injinia mkuu Helmuth Bott akakuta chati ukutani, mstari wa 911 unaishia hapo mwanzoni mwa miaka ya 80, akachukua kalamu akauendeleza mpaka ukatoka kwenye karatasi ukaingia ukutani. Za upepo zikaendelea mpaka 1998.

pangu_pakavu

Kwanini sasa waliacha 98 kama zilikuwa nzuri hivyo?

boksa6 (mleta uzi)

Sheria za moshi na kelele mkuu. Ukitaka nguvu zaidi na moshi msafi unahitaji vali nne kila silinda, na hedi ya vali nne ina sehemu katikati pale inapata moto sana, hewa peke yake haifiki. Walishalijua hilo mapema, ile 959 ya miaka ya 80 silinda zilikuwa za hewa lakini hedi zilipozwa na maji. Na feni nayo ina kelele, maji yanameza kelele.

Turudi kwenye matunzo maana ndo kiini cha uzi.

Sevisi ya kawaida: oili unamwaga ikiwa ya moto, na kuna sehemu MBILI za kumwagia, kwenye tanki na chini ya injini, ukimwaga moja tu umebadilisha nusu. Mimi natumia nzito, 20W-50 kipindi cha joto, iliyo na zinki ya kutosha, maana kemshafti hizi zinasugua moja kwa moja kwenye roka bila rola, na oili nyingi za kisasa zimepunguzwa zinki kwa ajili ya katalisti (kisafisha moshi). Usije ukaweka ile nyepesi kama maji ya gari mpya eti ni ya bei ghali ndo nzuri.

Tapeti, yaani nafasi kati ya roka na vali: kila kilomita 24,000 hivi unaset, injini iwe imepoa kabisa kabisa, mimi naiacha ilale usiku mzima. Nafasi ni milimita 0.10, vali 12, unazungusha puli nyuzi 120 unahamia silinda inayofuata kwa mpangilio wa 1-6-2-4-3-5. Fila geji (bati la kupimia nafasi) ya kawaida haifiki vizuri, kuna maalum imepinda. Za chini unalala mgongoni oili inakudondokea kwenye jicho. Vali ikiwa na nafasi kubwa inapiga kelele tu, ikiwa imebana haipigi kelele na hiyo ndo inaungua, kwa hiyo mtu anayejisifia injini yake iko kimya kama kaburi mimi namwonea huruma.

Feni belti. Sikilizeni vizuri hapa. Mkanda mmoja unaendesha oltaneta na feni kwa pamoja, kwa hiyo taa nyekundu ya chaji ikiwaka ukiwa hai wei usiseme nitafika tu betri ipo. Simama hapo hapo uzime, feni inawezekana imesimama. Beba mkanda wa akiba na spana yake, kubadilisha ni kazi ya pembeni ya barabara, kukaza ni kwa kuhamisha zile washa nyembamba kati ya vipande viwili vya puli.

Cheni za taiming: zipo mbili, na vikazio vya zamani vilikuwa vinajifungia oili yake ndani, vikivuja cheni inalegea inaruka, vali zinakutana na pistoni na mazungumzo yanaishia hapo. Kuanzia 3.2 ya 1984 wakaleta vikazio vinavyolishwa presha ya oili kutoka kwenye injini yenyewe. SC nyingi zimeshabadilishiwa, unaziona kwa jicho kuna kibomba chembamba kinaingia kwenye kifuniko cha cheni kila upande. Kama hakipo punguza bei ununue, alafu uviweke.

DadaInjini

Kaka na kuwasha asubuhi? Ile niliyojaribu ilitoa moshi mwingi wa bluu alafu ukaisha, muuzaji akasema ni kawaida nikajua ananipiga kamba

boksa6 (mleta uzi)

Kwa hilo hajakudanganya dada. Silinda zimelala ubavu, gari ikipaki oili kidogo inachuruzika kuingia ndani, ukiwasha inaungua dakika moja mbili. Ukiona moshi wa bluu gari ikiwa ya moto unapoachia mafuta kwenye mteremko hapo ni gaidi za vali (vile vibomba vinavyoiongoza vali) zimeisha, na 3.2 ndo maarufu kwa hilo, hata zikiwa na kilomita chache.

Na wakati wa kuwasha SC usikanyage mafuta kabisa. Ule mfumo wa Bosch K-Jetronic unapima hewa kwa sahani inayoelea, ukipampu ovyo asubuhi unaweza kupata mlipuko wa kurudi nyuma na lile boksi la plastiki la hewa linapasuka. Kuna kivali kidogo cha kuachia presha kinabandikwa kwenye boksi, bei yake ni ya chakula cha jioni, kama hakipo weka wiki hiyo hiyo. Ukiwa humo ndani badilisha na mipira yote ya petroli. Mpira wa miaka 40 juu ya injini ya moto, sitaki hata kueleza.

kijana_wa_Temeke

Wakuu samahani swali la kijinga. Hii ikija Dar na foleni ya Mandela na joto lile haichemki?

boksa6 (mleta uzi)

Sio la kijinga hata kidogo. Zilikuwa zinauzwa Arizona na kule joto linazidi la Dar, kwa hiyo joto peke yake sio tatizo. Tatizo ni foleni. Kile kipozeo cha mbele kwenye fenda kinategemea gari iwe inatembea, gari ikisimama hakuna hewa pale, unaangalia geji inapanda 100, 110, 120. Watu wa sehemu za joto wanabadilisha kile cha mabomba tu wanaweka chenye mapezi na kifeni cha umeme, na hiyo inasaidia kweli. Angalia na presha pia, kanuni ya mtaani ni oili ikiwa ya moto uone karibu bar moja ya presha kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Ikishuka sana chini ya hapo kwenye mwendo, pumzisha gari.

Mafuta nayo, SC za Ulaya za 1981 mpaka 83 zina nguvu farasi 204 na kompresheni ya 9.8, zinataka petroli ya oktani 98. Ukiipa ya chini inagonga, na kugonga kwenye injini ya hewa hukusikii kwa sababu ya kelele ya feni.

kijana_wa_Temeke

Nimekuelewa kiongozi. Marehemu babu alikuwa fundi wa Vosi pale Gerezani, Dar, naamini angeiset tapeti hii gari amefumba macho

boksa6 (mleta uzi)

Angeweza kabisa, ukoo ni ule ule. Hawa vijana wa hapa Ujerumani wanaotoka chuo siku hizi ukiwanyima kompyuta ya kuchomeka wanakuuliza gari inasemaje.

Nairobi_Vumbi

Na hiyo ya kuleta msisahau Kenya gari ya kuingiza ina limiti ya miaka 8, na usukani kulia. So msee akikuambia ana 911 ya 79 huku iulizie imeingia lini na karatasi zake ziko wapi kabla hujaanza kuota. Ukitaka kuziona tu, zinakuja siku ya Concours, maonyesho ya magari, pale Ngong Racecourse, zimepigwa brashi mpaka chini ya matairi.

mzee_wa_subaru

Hapo kwenye kodi Ujerumani wanawafanyaje nyinyi wenye vyuma chakavu?

boksa6 (mleta uzi)

Hapa ndo tunapokula raha mzee. Gari ikitimiza miaka 30 na iko katika hali yake ya asili mtaalamu anaipitia, ikifaulu unapata namba yenye herufi H mwishoni. Kodi inakuwa euro 191 na senti kwa mwaka, haijalishi ukubwa wa injini, na unaruhusiwa kuingia katikati ya miji iliyowekewa vizuizi vya moshi. TÜV kila miaka miwili kama kawaida. Wengi tunachukua namba za msimu, mwezi wa nne mpaka wa kumi, kipindi cha chumvi gari iko ndani. Ila hiyo H ina masharti yake, ukibadilisha sana, rimu za ajabu, injini ya gari nyingine, wanakunyima. Mimi mwenyewe siamini sana kwenye kila kitu orijino mpaka klipu ya zulia, hiyo ni biashara ya wapiga mnada. Vikazio vya cheni nimebadilisha, klachi nimeweka ya springi badala ya ile ya katikati mpira inayosagika, na sijaona aibu.

DadaInjini

Nimeongea na muuzaji leo, amekataa fundi wangu asipime upepo wa silinda. Anasema plagi zikifunguliwa zinaharibu nyuzi za hedi.

boksa6 (mleta uzi)

Achana nayo dada. Zipo nyingine.

pangu_pakavu

Muuzaji ameshajibu mtihani bila kuandika kitu 😂😂

DadaInjini

Sawa nimeachana nayo. Kuna nyingine ya fedha, ya 1983, kilomita nyingi lakini risiti zipo faili zima na vikazio vimebadilishwa. Shida nikiweka gia ya pili ikiwa baridi inakwaruza, ikipata moto inapungua. Inatisha?

boksa6 (mleta uzi)

Hiyo naipenda zaidi ya ile nyekundu. Gia boksi ya SC ni ile inaitwa 915, haitaki haraka, ukihama kutoka moja kwenda mbili pumzika kidogo katikati, na ikiwa baridi inabisha kidogo. Ila ikikwaruza hata ikiwa ya moto basi sinkronaiza ya pili (kinacholainisha gia kuingia) imeisha na gia boksi itafunguliwa. Kabla ya kuihukumu mwambie fundi aset klachi kebo na ile kapulingi ya kiungo cha gia chini ya kifuniko kati ya viti vya nyuma, vibushi vyake vya plastiki vikila gia zote zinakuwa kama unakoroga ugali. Ni vya bei ndogo. Ikiendelea kukwaruza baada ya hapo ndo unaenda na hiyo kwenye kupunguza bei. Leta majibu ya kompresheni hapa tuyaone silinda zote sita.